Zamu Yangu Sikuomba Sufuria

Mutuini,
Jumatatu asubuhi.

Tumeshinda, Mama Muli! Tumeshinda! Mutuini imewafunga watu wa mjini hapo hapo mjini kwao, na kombe liko hapa mezani kando ya birika la chai, linang'aa mpaka paka analiogopa. Wahu wangu, yule uliyekuwa ukimfunga kamba za viatu akienda nasari, ndiye bingwa wa mchezo wa mpira wa kwenye runinga. Si bingwa wa Dagoretti peke yake, mama. Nairobi nzima!

Ngoja kwanza, hata salamu sijatoa. Furaha imenifanya kama mtu aliyekosa malezi. Hamjambo huko kwenu katika mji wa Wote? Goti la Baba Muli likoje, bado linatabiri mvua kuliko redio? Mbuzi wamezaa? Na wewe mwenyewe, presha imeshuka ama bado unaficha kibakuli cha chumvi chini ya kitanda? Sisi huku tu wazima kwa neema ya Mungu. Baba Wahu ni mzima pia, ila sauti imempotea, na sababu utaisoma. Nilijaribu kukupigia simu siku ile ile, lakini nilikuwa napiga kelele na wewe ukawa unaniuliza nani amekufa, nikaona habari kama hii haienei kwenye simu. Barua hii nampa mwanao Muli aje nayo akija nyumbani mwisho wa mwezi. Isome polepole, halafu uwasomee na wenzako wa kanisa. Usiruke mahali.

Wewe ulihama kabla mambo hayajaanza, kwa hivyo wacha nikuanzie shinani. Wahu alipoingia kidato cha kwanza alipata rafiki anayeitwa Anita, mtoto wa watu wa Mountain View. Nyumba ya ghorofa, geti la chuma, mbwa anayekula kuliko sisi. Kwa kina Anita kuna ile mashine ya michezo, unaiunganisha na runinga, unashika rimoti yenye vidude vingi, na watu walio ndani ya runinga wanakimbia vile unavyotaka wewe. Wahu alikuwa akienda huko Jumamosi, akirudi anaongea mpira mpaka anasahau kula. Akaniambia kuna mashindano makubwa likizo ya Agosti, mjini kabisa, na kwamba yeye anajua anaweza. Nikamwambia sawa, nikafikiri ni mambo ya watoto.

Basi Jumamosi moja akarudi mapema. Akavua viatu, akachukua ndoo, akaenda kukamua ng'ombe. Hakuna aliyemtuma. Mimi ni mama, najua mtoto akianza kazi bila kutumwa kuna kitu kinamuuma. Nilimbembeleza mpaka akasema. Ati mama yake Anita alimkuta kwenye geti, akamwambia kwa upole kabisa, na tabasamu juu, kwamba watoto wanaokuja wamekuwa wengi, kwamba ile mashine ni ghali, na kwamba vitu kama hivyo si vya kila mtoto.

Si vya kila mtoto! Mama Muli, nilikaa na hayo maneno kama mwiba kooni. Angenitukana ningemsahau. Lakini alisema kwa upole, na maneno ya upole ndiyo hayatoki.

Nikatafuta mahali pengine. Hapa kwetu kuna kibanda kimoja tu cha mchezo, kiko pale steji ya matatu, kando ya zile mashine za kamari, na ndani ni moshi na matusi ya vijana wasio na kazi. Msichana wangu aende huko? Hata wewe ungenipiga kofi. Nikahesabu watoto wote wa huku kwetu, nikaona hakuna hata mmoja mwenye mahali pa kucheza mchezo ule ila akubali kunusa bangi ama kusimama kwenye geti la mtu. Nikamwambia Baba Wahu tutafute njia. Akaniambia mchezo ni upuuzi, mtoto asome. Nikamuuliza, wewe Macharia, ile drafti mnayocheza na Mungai pale dukani kwa vizibo vya soda kutoka chakula cha mchana mpaka kuku wakiingia, hiyo ni kusoma? Akachukua kofia yake, akaenda kumtafuta Mungai.

Sasa zamu yangu ya chama chetu cha akina mama ikafika. Unakumbuka desturi yetu. Hatumpi mtu pesa mkononi ikaishia kwa deni la duka. Mwenye zamu anasimama, anasema chombo gani kinakosekana nyumbani kwake, na sisi tunakibeba kwa nyimbo mpaka mlangoni. Wewe tulikuletea tangi la maji, na ulilia. Mimi kila mtu alishajua nitaomba zile sufuria za stili zenye vifuniko vya kioo, kwa sababu nimeziimba miaka. Mama Kibe, mwenyekiti, alikuwa hata ameuliza bei. Nikasimama, nikafunga leso kiunoni, nikasema zamu yangu siombi sufuria, naomba mashine ya mchezo.

Ungesikia kicheko! Kiliamsha hata mtoto aliyekuwa mgongoni kwa mamake. Mama Kibe akaniuliza kama jua limenipiga. Mwingine akauliza nitapika nini kwa hiyo mashine, githeri? Nyawira wa posho mili, pale tunaposagia mahindi, unamjua mdomo wake, akasema ati Mama Wahu amefika ule umri wa kuchezea midoli tena. Nikawaacha wacheke mpaka wachoke. Walipochoka ndipo maneno yenyewe yakaanza. Mmoja akasema watoto wataanguka mitihani. Mwingine akasema ni mlango wa kamari. Nyawira akasema kitu ghali kiachiwe matajiri, sisi tung'ang'ane na unga.

Hapo ndipo niliposimama tena, na Mama Muli, mimi sijui kuhutubia, niliishia darasa la saba, lakini siku hiyo Mungu alinipa ulimi. Niliwaambia hapo ndipo tunapokosea. Tukiona kitu ni ghali tunasema ni cha matajiri, halafu watoto wetu wanaenda kusimama kwenye mageti ya hao matajiri wakingoja kuitwa ndani. Niliwakumbusha tulivyokuwa wadogo, runinga ilikuwa nyumba moja tu kilima kizima, na tulikuwa tunachungulia dirishani mpaka mwenye nyumba anavuta pazia. Je, runinga ilituua? Leo nani hana? Niliwaambia mtoto akikosa mahali pazuri pa kucheza hataacha kucheza, atacheza mahali pabaya. Kile kibanda cha steji hakingejaa kama sisi tungekuwa na chetu. Na nikasema, kama serikali ingekuwa na masikio, ingeshusha bei ya mashine hizo na kuziweka kwenye kila maktaba na kila ukumbi, watoto wacheze kama vile wanavyosoma kitabu bila kulipa. Lakini serikali hatuiwezi leo, na chama tunakiweza.

 Mama Kibe alivua miwani, akaifuta na pindo la sketi. Halafu akatoa hukumu. Akasema chama kina zile sufuria kubwa za harusi, kina tenti, kina viti, na hakuna hata kimoja kinachofungiwa nyumbani kwa mtu. Mwenye matanga akija anapewa, mwenye ruracio ya mahari akija anapewa. Akasema kama nataka mashine, nitaipata, lakini itakuwa kama sufuria kubwa. Mtoto yeyote wa mwanachama atacheza, na wa jirani asiye mwanachama pia, wasichana sawa na wavulana, kazi ya shule ikiwa imeisha, na Jumapili baada ya ibada. Akaniuliza kama nakubali ama nataka sufuria zangu. Nikasema nakubali hata kabla hajavaa miwani.

Siku ya kuileta ilikuwa sinema. Mashine yenyewe ni kijisanduku, mtu anaweza kuibeba kwapani, na Mama Kibe akasema chama hakiwezi kuimba barabara nzima kwa kijisanduku, watu watatucheka. Kwa hivyo wakakiweka kwenye beseni kubwa, wakakizungushia kabeji, unga na sukari, wakafunika na leso, na Mama Kibe mwenyewe akakibeba kichwani huku wenzake wanapiga ngemi, vile vigelegele vyetu. Watu wa boda boda walisimama kutupisha. Tulipofika aliiombea mashine ile, akaomba isiwe mtego, iwe mkono. Mpaka leo sijui alimaanisha nini lakini nilisema amina.

Tukamwaga viazi kutoka ile stoo ya nyuma, tukapaka chokaa, tukaweka runinga yetu ya zamani, na watoto wakaanza kuja. Pesa sikutaka. Kila mtoto anakuja na kitita cha nyasi kwa ajili ya ng'ombe, basi. Hiyo ndiyo tiketi. Ng'ombe wangu sasa amekuwa na shingo kama ya diwani, na maziwa hayaniishii. Mtoto wa mwenye ploti na mtoto wa mpangaji wanakaa benchi moja wakingoja zamu, wanafundishana, wanatukanana kidogo, wanaombana msamaha. Na mitihani waliyosema watoto wataanguka? Waulize walimu. Mtoto anayejua hachezi kabla ya kumaliza hesabu, huyo hesabu anazimaliza.

Wahu alikuwa anakua kila siku. Lakini sasa sikia shida iliyotupata. Wewe unajua mikono yangu na uzi. Kitu cha thamani kikiingia nyumba hii lazima kivae. Runinga ina kitambaa, redio ina kitambaa, hata mtungi wa gesi una kitambaa. Basi mashine ya chama kizima ningeiacha uchi? Niliifumia kitambaa kizito, cha manjano chenye maua mekundu, kinafunika juu mpaka ubavuni, kimeishikilia vizuri kama kofia ya mtoto mchanga. Kila mtu alikisifu.

Agosti ikaingia, na mashine ikaanza kuzimika. Watoto wanacheza, mara giza. Ikipumzika inawaka, halafu inazimika tena, na kila siku inazimika upesi zaidi. Mashindano yalikuwa mlangoni. Wahu akakonda. Mimi nikaanza kupita njia ya nyuma ili nisikutane na Nyawira, kwa sababu tayari alikuwa anasema ati chombo cha kweli hakizimiki, sufuria ina miaka ishirini na bado inachemsha. Na mimi nikiwaza, nimekula zamu yangu na nimekula imani ya watu, na mtoto wangu atarudi kusimama kwenye lile geti.

Tukaibeba mimi na Wahu mpaka mjini, kwa fundi mmoja kijana anayeitwa Lenox, ana kibanda ghorofa ya juu kwenye jengo la maduka madogo madogo. Aliwasha, akangoja, ikafanya kazi bila kuzimika. Akaiangalia, akatuangalia. Akauliza nyumbani tunaiweka wapi. Nikamwambia tunaitunza vizuri sana, hailali na vumbi, na nikamwonyesha kitambaa, kwa sababu ndicho nilichokuwa nimeifungia. Mama Muli, yule kijana alicheka mpaka akakalia spika ya mteja. Akasema, "Mama, hii kitu hupumua! Wewe umeivalisha sweta na ukaifunga mdomo." Akatuonyesha vile vitundu vya ubavuni ambako joto hutoka, na mimi ndiko nilikoweka maua. Wahu aliangalia ukuta, mabega yanamtetemeka, na mimi nikajua ananicheka, na nikafurahi, kwa sababu alikuwa hajacheka wiki nzima. Kitambaa nimemwachia Lenox, amefunika stuli yake.

Lenox ndiye alituambia mwaka huu sheria ya mashindano ni ya watu wawili wawili, wanacheza upande mmoja, mmoja anashambulia na mwingine analinda, na umri si hoja. Wahu alikuwa amejiandaa kucheza peke yake. Akatafuta mwenzake, na akampata, nitakuja kumtaja. Usiniharakishe.

Siku yenyewe chama chote kilishuka mjini. Ukumbi uko katikati ya jiji, ghorofani, una taa za rangi na vijana waliovaa vipokea sauti vikubwa kama sahani masikioni. Mama Kibe aliingia na kitambaa cha Guild, kile cha akina mama wa kanisa, kichwani, nyuma yake wanawake na chupa za chai na nduma za kuchemsha. Askari wa mlangoni akatuuliza kama tumepotea, harusi iko jengo lingine. Mama Kibe akamwambia harusi ni hapa, ngoja uone bibi harusi. Baba Wahu alikuja pia, ati kutubebea mfuko tu.

Wahu na mwenzake walishinda mchezo wa kwanza, wakashinda wa pili. Ukumbi ulikuwa umeanza kwa kuwacheka, kuna kijana aliyesema kwa sauti kwamba timu ya shamba imeleta hata mamake. Kufika nusu fainali hakuna aliyecheka. Fainali wakapangwa na vijana wawili, na nilipoangalia nyuma ya viti vyao nikaona nani? Anita na mamake! Wale vijana ni kaka zake, wa nyumba ile ile yenye geti.

Mpira ulikuwa mgumu. Wale wakafunga kwanza. Wahu akasawazisha, na ngemi zikapasua dari. Ikabaki kidogo sana mechi iishe, na mmoja wa wale kaka akatoroka na mpira peke yake, mbele yake amebaki beki mmoja na kipa tu, na mamake ameshasimama kushangilia. Mwenzake Wahu hakumrukia. Alimngoja, akarudi nyuma pole pole, akamfungia njia ya kulia mpaka yule kijana akaishiwa na subira na kupiga. Mpira ukagonga mguu wa beki. Hapo hapo beki akautuma mbele kwa Wahu, na Wahu, Mama Muli, Wahu wangu hakuangalia nyuma. Alipita mmoja, akapita wa pili, akaweka kwenye kona kama mtu anayeweka yai kwenye kikapu. Firimbi! Baba Wahu, mwanamume wa drafti, alipanda juu ya kiti akapiga mayowe mpaka sauti ikakatika, na ndiyo hiyo haijarudi.

Mama yake Anita alikuja kunishika mkono. Si mtu mbaya, nimemsamehe. Akaniambia watoto wake nyumbani wanacheza wawili peke yao na hawana wa kuwakazia, akauliza kama wanaweza kuja Mutuini siku moja moja. Nikamwambia karibu sana, huku kwetu ni vya kila mtoto. Alete nyasi tu.

Sasa, Mama Muli, kama umesimama kaa chini. Yule mwenzake Wahu ni mimi.

Ndiyo, mimi. Mimi ndiye beki. Mimi ndiye mama aliyeletwa na timu ya shamba. Hata chama hawakujua mpaka waliponiona naenda kuketi kwenye kile kiti cha mbele na rimoti mkononi, na Nyawira akamwagikiwa na chai. Ilianza hivi. Watoto wakiwa shuleni nilikuwa naingia stoo kupangusa vumbi. Siku moja nikabonyeza kidude, na kijimtu kikakimbia. Nikabonyeza tena. Nilipokuja kushtuka maharagwe yalikuwa yameungua. Kesho yake nikarudi, na kesho kutwa. Wahu alinifumania mchana mmoja walipofunga shule mapema. Nilitaka ardhi inimeze.  Aliketi kando yangu, akachukua rimoti ya pili, akaniambia, "Mathe, usikimbilie mpira, uungoje." Na alipokosa mwenzake wa mashindano, hakuenda mbali kutafuta.

Nitakwambia jambo ambalo sijamwambia hata Baba Wahu. Mimi sikuwahi kucheza. Nilibeba ndugu zangu mgongoni tangu nikiwa na meno ya utoto, halafu ikawa maji, halafu kahawa ya watu, halafu ndoa. Kule kwenye chama nilipigania watoto, na nilisema ukweli. Lakini nilipokuwa nimeketi pale stoo peke yangu, nikicheka bila mtu wa kuniuliza ninacheka nini, nilijua hata mimi nilikuwa nimesimama nje ya geti maisha yangu yote. Mchezo si wa mtoto tajiri, na wala si wa mtoto tu. Nilikuwa naogopa kina mama wa Guild watasema nini. Kumbe tukishuka ngazi na kombe letu, Mama Kibe akanivuta kando, akaniuliza kwa sauti ya chini kama rimoti ni ngumu kwa mtu mwenye miwani.

Zawadi ni kombe, mashine mbili mpya na runinga pana kama mlango. Wahu alisema mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba ziwe za chama. Mchungaji ametupa kile chumba cha shule ya Jumapili, na tutakifungua kwa chai, mbuzi na mchezo wa bure kwa kila atakayeingia. Msalimie sana Baba Muli, umwambie goti si kisingizio, kucheza kwenyewe ni kwa kuketi. Wasalimie wakwe, majirani, na yule mamako mzee ambaye bado namdai hadithi. Wahu anakusalimu, Baba Wahu anakupungia mkono kwa kuwa sauti hana. Mje nyote, mlale kwetu, sitaki kusikia habari ya mbuzi kukosa mchungaji.

Ni mimi rafiki yako asiyesahau, Mama Wahu, beki wa Mutuini, nikiwangoja mlangoni wewe na nyumba yako yote Siku ya Mashujaa.